Mjomba anataka kuuza mikorosho nikasomee urubani

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 20, kwetu Newala, ila kwa sasa niko Mtwara mjini kwa dada yangu, namsaidia kwenye duka lake la vipuri vya pikipiki. Nilimaliza kidato cha sita mwaka jana, mchepuo wa PCM, nikapata daraja la pili. Nilichaguliwa chuo kusomea ualimu wa hesabu, sikwenda. Tangu darasa la tano nasema nitakuwa rubani. Nyumbani walijua ni maneno ya utoto, yatapita. Hayajapita.

Mwezi uliopita mjomba, kaka yake mama na ndiye mkubwa wetu kwenye ukoo, aliniita akaniambia yuko tayari kuuza shamba la mikorosho la Kitangari, eka 9, nikasome. Mteja ameshapatikana. Mama hataki kabisa. Anasema shamba ni la bibi, si la mjomba peke yake. Halafu anaogopa ndege. Tangu ile ajali ya Bukoba ya Novemba 2022, ndege ilipotumbukia Ziwa Victoria, akinisikia nataja urubani ananyanyuka anakwenda jikoni.

Kuna kaka mmoja yuko Dar, ni wakala wa vyuo vya nje, nilimpata kwenye kundi la WhatsApp la wahitimu. Anasema kuna chuo Afrika Kusini, miezi 14, dola 48,000 kila kitu, na ukimaliza kazi ni ya uhakika kwa sababu dunia nzima ina uhaba wa marubani. Nafasi zimebaki mbili. Anataka dola 5,000 za kushikilia nafasi kabla mwezi haujaisha, na hazirudishwi.

Jingine, mimi navaa miwani tangu kidato cha pili. Dada anasema mwenye miwani harushi ndege. Nilipomuuliza wakala akajibu, "Hilo tutalimaliza huko huko." Na Kiingereza changu ni cha kusoma na kuandika, kuongea naona aibu.

Naomba unijibu mapema, mteja wa shamba anapiga simu kila siku. Mjomba ananitetea, mama analia, na mimi nimekaa katikati sijui niegemee wapi.

Binti wa Newala, Mtwara

—

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na huyo wakala, maana ndiye mwenye haraka kuliko wote na ndiye ambaye hatapoteza kitu. Usimpe hata senti. Sisemi ni tapeli, simjui. Nasema alivyoongea ni kama mpiga debe wa stendi, basi tupu lakini kila abiria anaambiwa siti zimebaki mbili. Chuo cha urubani kinachojiheshimu hupokea wanafunzi kwa makundi mwaka mzima, na kabla hakijagusa pesa yako kitataka kuona vitu viwili: vyeti vyako vya shule na cheti chako cha afya. Huyu hajakuomba cheti cha afya. Umemwambia wewe mwenyewe kwamba unavaa miwani, akakujibu mtalimaliza huko huko. Huko huko ni wapi? Ni baada ya shamba kuuzwa na dola 5,000 kutoka mfukoni.

Sasa hiyo miwani. Dada yako amekosea, na ni kosa la wengi. Rubani anaruhusiwa kuvaa miwani. Kanuni za afya za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ambazo nchi zetu zinazifuata, zinataka kila jicho lifike 6/9 na macho yote mawili kwa pamoja 6/6, kwa miwani au bila miwani. Ukihitaji miwani unaandikiwa kwenye cheti chako kwamba utaivaa kazini, na utabeba ya akiba. Basi. Wapo makapteni wenye miwani wanaotua Mtwara na abiria hawajui wala hawaulizi. Jambo linalokata safari za watu mara nyingi zaidi ni kutotofautisha rangi, kwa sababu taa za uwanjani na za mabawa, na alama kwenye skrini za ndani, zote zinasomwa kwa rangi. Hilo huwapata wanaume zaidi, lakini mwanamke naye apimwe. Mtu anaweza kufika miaka 20 asijue kwamba analo.

Kwa hiyo hatua yako ya kwanza haina uhusiano wowote na Kitangari wala Afrika Kusini. Nenda hospitali ya Ligula hapo Mtwara, kitengo cha macho, mwombe mtaalamu akupime uwezo wa kuona na wa kutofautisha rangi. Gharama yake ni ndogo, pesa ya dukani inatosha. Hicho si cheti cha urubani, ni kujua tu kama kuna sababu ya kuendelea. Ukivuka hapo, ndipo unafunga safari ya Dar kupima afya ya daraja la kwanza kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Majina ya madaktari hao unayapata TCAA wenyewe. Daktari mwingine, hata awe bingwa mwenye jina, karatasi yake haitambuliki. Watakupima moyo kwa mashine, watakupima usikivu, mkojo, shinikizo la damu, macho tena kwa kina, na watakuuliza habari za kifafa, kuzimia, magonjwa ya akili, dawa unazotumia. Sema kweli. Mwenye kuficha anagundulika baadaye, tena wakati ambao ameshalipa ada yote.

Na cheti hicho si cha kudumu. Kwa umri wako kinapimwa upya kila baada ya miezi 12, na utaendelea kupimwa mpaka siku utakayoacha kazi. Sijui kazi nyingine yenye watu wanaoishi hivyo, kila mwaka unakwenda kuulizwa kama bado unafaa. Liweke akilini tangu leo, kwa sababu ni moja ya sababu za kuwa na kitu kingine cha kuegemea, nitakifikia.

Sasa nikueleze unachokwenda kununua, maana naona kwenye barua yako mmezungumza bei kabla ya kujua bidhaa.

Urubani husomewa kwa ngazi, na kila ngazi ina leseni yake. Ya kwanza ni PPL, leseni ya rubani binafsi. Inataka uwe na miaka 17 na angalau saa 40 za kuruka. Hii haikupi mshahara, inakuruhusu kurusha ndege ndogo bila kulipwa. Ya pili ni CPL, leseni ya rubani wa biashara, miaka 18 na kwa kawaida saa 200, au 150 kama umesoma kozi iliyounganishwa moja kwa moja kwenye chuo kilichoidhinishwa. Humo ndani kuna masharti madogo madogo, kwa mfano safari moja ndefu isiyopungua kilomita 540 ukiwa wewe ndiye mwenye ndege, na njiani utue kikamilifu kwenye viwanja viwili tofauti. Hiyo ni kama barabara yote ya Mtwara mpaka Dar, peke yako, na ramani mapajani. Juu ya CPL unaongeza kibali cha kuruka kwa kutegemea vifaa, yaani ndani ya mawingu na usiku bila kuona nje, na kibali cha ndege ya injini mbili. Bila hivyo viwili hakuna shirika kubwa la abiria litakalokusikiliza. Mwisho kabisa ni ATPL, leseni ya kapteni wa ndege kubwa, miaka 21 na saa 1,500.

Hebu rudi kwenye ile "kila kitu" ya wakala. Saa 200 ni kiwango cha chini cha sheria. Mwanafunzi anayehitaji saa 20 zaidi ili mwalimu amwamini, na hao ni wengi wala si wajinga, anazilipia. Anayefeli jaribio la mwisho analipia ndege, mafuta na mtahini mara ya pili. Na ndege ndogo nyingi za mafunzo hazinywi mafuta ya taa kama zile kubwa, zinatumia avgasi, petroli maalumu ya ndege, ambayo barani kwetu ni adimu na ghali, ndiyo maana saa moja tu hewani inakula pesa ya kufungulia genge. Mwulize wakala kwa maandishi: hizo dola 48,000 zina chumba? Zina chakula? Viza ya mwanafunzi? Ada za mitihani ya mamlaka ya kule? Saa za ziada zinatozwa kiasi gani? Ukirudi na leseni ya Afrika Kusini, haikupi kazi Tanzania hivi hivi, lazima uihamishie TCAA, na kuna mtihani wa sheria za anga za kwetu. Hiyo nayo imo? Utaona majibu yanavyoanza kuchelewa.

Halafu ile kazi ya uhakika. Hapa nikae kidogo, maana ndipo familia nyingi zinapoumia.

Ni kweli dunia inahitaji marubani. Ila wanaohitajika zaidi ni makapteni na marubani wasaidizi wenye saa zao nyingi tayari. Mwenye saa 200 yuko mwisho wa foleni, na foleni hiyo ni ndefu kila nchi. Ndege unazoziona zikitua hapo Mtwara, Q400 ya Air Tanzania au ATR ya Precision, kila aina ina mafunzo yake ya pekee juu ya leseni yako ya CPL, na mafunzo hayo nayo ni maelfu ya dola. Shirika likikupenda linaweza kukulipia kwa mkataba wa kulitumikia miaka kadhaa. Lisipokulipia, unatakiwa uje nayo mkononi, na mashirika mengine hata hivyo yatakuambia lete saa 500 kwanza, kwa sababu kampuni za bima za ndege zinataka hivyo.

Wengi wanaofanikiwa hapa kwetu hawaanzii kwenye hizo ndege. Wanaanzia kwenye zile ndogo za injini moja, Cessna Caravan, zinazobeba watalii kwenda Serengeti, hifadhi ya Nyerere, Mafia, Unguja. Kampuni kama Coastal na Auric Air zimewalea vijana wengi kwa njia hiyo. Unatua kwenye viwanja vya vumbi, swala wamekaa njiani, unapakia mizigo mwenyewe, unahesabu uzito wa abiria mmoja mmoja. Kazi ya heshima na shule kubwa, kuliko wengi wanavyodhani. Wengine wanasomea ualimu wa urubani, wanajenga saa zao wakifundisha wanafunzi wapya. Wewe uliyekataa ualimu wa hesabu, usicheke.

Sasa fikiria umemaliza, una CPL, kazi hujapata. Leseni haikai kabatini kama cheti cha kidato cha sita. Kibali cha kuruka kwa vifaa kinajaribiwa upya kila mwaka. Ili ubebe abiria lazima uwe umepaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita. Kila jambo hapo ni kukodi ndege, na kukodi ni dola. Nimewaona vijana waliomaliza vizuri kabisa, wakakaa mwaka, miaka miwili, leseni ikalala, na kuiamsha ikawa ghali kuliko walivyoweza. Hawakufeli masomo. Walipiga hesabu mpaka siku ya mahafali, wakadhani baada ya hapo mshahara utachukua nafasi ya mjomba. Na mashirika yenyewe huanguka. Fastjet ya Tanzania ilisimama Desemba 2018, na 2020 ugonjwa wa korona uliwarudisha nyumbani makapteni wenye maelfu ya saa dunia nzima. Ukiwa na saa 200 wakati kama huo, unashindana na watu waliokufundisha.

Kwa hiyo bajeti ya urubani haiishii kwenye leseni. Iongezee mwaka mmoja wa kusubiri, pamoja na pesa ya kuiweka leseni hai. Kama jumla hiyo inamaliza shamba lote na bado kuna pengo, mjue mapema, mkiwa bado mna shamba.

Na sasa shamba lenyewe. Mwanangu, mama yako ametoa hoja mbili na ninyi mmemjibu moja tu, ile ya kuogopa ndege, kwa sababu ndiyo rahisi kuicheka. Ile ya pili mmeiruka. Shamba ni la bibi. Kwetu Kusini mjomba ana neno kubwa kwa wapwa zake, hilo najua na silibezi, mjomba anayesimama kwa ajili ya mpwa wa kike asome urubani anastahili salamu zangu. Lakini kuwa na neno si kuwa na hati. Wapwa wengine ni wangapi? Dada yako anayekulisha hapo Mtwara, naye ana haki humo au hana? Mke wa mjomba amekubali? Kikao cha ukoo kimekaa? Shamba likiuzwa bila hayo, ukija kupata leseni utakuwa na deni ambalo halilipwi kwa dola, na siku ukikosa kazi watasema wewe ndiye uliyekula mikorosho ya bibi.

Pia ni hesabu mbaya. Mkorosho uliokwisha kukomaa, ukipuliziwa salfa kwa wakati na kupogolewa, unazaa miaka mingi. Mnauza kitu kinacholeta pesa kila msimu ili mnunue kitu ambacho kinaweza kukaa miaka miwili bila kuleta hata thumni. Mimi ningeligeuza. Shamba libaki, mazao ndiyo yasomeshe.

Najua utasema mazao hayatoshi. Kwa mkupuo mmoja hayatoshi, ni kweli. Lakini urubani husomeka kwa ngazi, na ngazi zinalipiwa moja moja, ukichagua chuo kinachokubali. Minada ya korosho inaanza Oktoba, malipo yanaingia kupitia AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, hadi mwanzoni mwa mwaka. Hiyo ndiyo kalenda yenu. Msimu mmoja: afya, Kiingereza, vitabu vya nadharia, na safari moja ya kujaribu, ambapo unakaa kiti cha mbele na mwalimu kwa nusu saa au saa nzima uone kama tumbo lako na kichwa chako vinakubaliana na kazi hii. Vyuo vingi vinatoa. Usishangae ukikuta unatapika, wala usikate tamaa, ila ni bora utapike kwa saa moja ya kulipia kuliko kwa miezi 14. Msimu unaofuata au miwili, PPL. Halafu CPL.

Kanuni moja tu ishike hapo kwa nguvu: usianze ngazi ambayo pesa yake haijatimia yote. Ukisimama baina ya PPL na CPL, hupotezi kitu, leseni ya kwanza unayo. Ukisimama katikati ya ngazi, saa ya 25 kati ya 40, kwa sababu malipo ya korosho yamechelewa, ukirudi baada ya miezi minne mkono umesahau na mwalimu atakurudisha nyuma saa kadhaa kwa gharama yako. Na malipo huchelewa, hilo sina haja ya kumwambia mtu wa Newala. Msimu wa 2018 serikali ilipoingiza jeshi kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, bei ilikuwa nzuri kwenye karatasi, na watu wakasubiri.

Tena mjomba asije akaona njia ya mkato ni kangomba, kumuuzia mlanguzi korosho nje ya mnada, hata zikiwa bado maua, ili ada ipatikane mwezi huu. Hiyo ni kuuza shamba kidogo kidogo, kwa bei mbaya zaidi.

Kuhusu mahali pa kusoma, Afrika Kusini kuna vyuo vizuri, sikatai. Lakini Nairobi, pale uwanja wa ndege wa Wilson, kuna vyuo vya urubani vya miaka mingi, na Soroti nchini Uganda kuna chuo cha urubani kilichoanza enzi za jumuiya ya zamani. Karibu na nyumbani, nauli ya basi. Dar, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo, nacho kimeingia kwenye mafunzo ya urubani kikiwa na ndege zake. Popote utakapopaangalia, maswali ni yale yale: kimeidhinishwa na mamlaka ya anga ya nchi yake? Ndege ngapi zinaruka leo, si zilizopigwa picha kwenye tangazo? Walimu wangapi, na mwanafunzi anaruka mara ngapi kwa wiki? Chuo chenye ndege mbili na wanafunzi 40 kitakufundisha kusubiri. Omba kuongea na mwanafunzi aliyemaliza mwaka jana, kwa namba utakayoitafuta wewe, si ile utakayopewa na wakala. Na usilipe ada yote mwanzoni hata wakikupa punguzo tamu. Vyuo vya urubani hufilisika, Ulaya vimefilisika, na aliyelipa yote huwa wa mwisho kurudishiwa.

Nimekuahidi kitu cha kuegemea. Una PCM na daraja la pili, hicho si kitu kidogo. NIT hiyo hiyo inafundisha uhandisi wa matengenezo ya ndege. Ukisoma shahada unaomba mkopo wa Bodi ya Mikopo kama mwanafunzi mwingine yeyote, shamba haliguswi. Chuo cha Usafiri wa Anga cha TCAA, Dar, kinafundisha waongoza ndege, wale wa mnarani wanaomwambia rubani sasa tua. Hao wanaishi na ndege kila siku, wanalipwa, wanajua hali ya hewa na sheria za anga kama sala, na baadhi yao hujilipia saa za kuruka polepole kutoka mshahara wao. Ni njia ndefu. Kwa mtu wa miaka 20 asiye na baba tajiri, mimi naiona ndiyo njia yenye akili zaidi, na ningekuwa mama yako ningekusukumia huko bila aibu. Ukichagua kwenda moja kwa moja kwenye urubani sitakulaumu, ila usiwaone wahandisi na waongoza ndege kama waliokosa. Na masikio yawe TCAA na Air Tanzania, ufadhili wa marubani hutokea na huisha kwa tangazo la wiki mbili. Anayeupata ni yule ambaye cheti cha afya tayari kiko kwenye bahasha.

Kiingereza usikiogope, lakini usikidharau. Rubani anapimwa kuongea na kusikia, madaraja sita, na unatakiwa ufikie la nne angalau. Hakuna atakayekuhukumu kwa lafudhi ya Kimakonde. Wanataka ueleweke redioni, na uweze kueleza jambo lisilo la kawaida, mfano abiria ameanguka au moshi umetokea, bila kutafuta maneno. Soma kwa sauti kila siku, ukiwa dukani ongea na wateja wageni, wapo Mtwara wa gesi na wa korosho. Aibu inatoka kwa kuongea.

Sasa mama. Usimwambie urubani hauna hatari, hatakuamini na atakuwa sahihi. Bukoba walikufa watu 19, marubani wakiwemo. Mwambie kwamba ndiyo maana kazi hii inapimwa afya kila mwaka, ina mitihani isiyokwisha na saa za chini kabla hujakabidhiwa abiria. Halafu mpe lile alilokuwa analidai kweli: mwambie shamba haliuzwi. Mwambie kabla hujamwambia mjomba mengine yote. Nina hakika mtaongea tofauti.

Mjomba naye apewe kazi, asibaki na jembe mkononi bila shamba la kulima. Yeye ndiye akae na ukoo, akubaliane nao ni sehemu gani ya mavuno kila msimu itakwenda kwa mpwa, iandikwe, wote waweke sahihi. Mteja wa shamba amjibu leo kwamba biashara haipo.

Wakala mwandikie hivi, usiongeze neno: "Nitaanza na kipimo cha afya cha TCAA. Nikifaulu, nitaomba jina kamili la chuo, nakala ya idhini yake, na mchanganuo wa ada kwa maandishi, nitawasiliana na chuo mwenyewe." Akikuambia nafasi zimekwisha, sawa.

Ukienda Dar kupima, piga simu TCAA kwanza uulize daktari yupi yuko kazini wiki hiyo na ada ni kiasi gani, usije ukalala gesti siku tatu bure. Beba kitambulisho cha NIDA, miwani yako na ile karatasi ya macho uliyopewa Ligula. Usiku wa kuamkia kipimo lala mapema, na asubuhi usinywe kahawa.